Njia ya hospitali wakati wa kafyu: siku zangu za Nairobi

Chama chetu cha akina mama hapa Likoni, Mombasa, kina kisanduku cha nauli ya uzazi. Kila mwanachama hutia shilingi hamsini kwa wiki, na mjamzito yeyote wa mtaani akishikwa na uchungu usiku, pesa ya tuktuk hutoka humo bila maswali. Kisanduku hicho kilizaliwa mwaka 2020. Waliokuwa hapa wanakumbuka Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, yaani amri ya kutotoka nje usiku, polisi walipowarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri kabla ya saa moja jioni. Wanamkumbuka pia yule mwendesha bodaboda wa Kwale aliyefariki siku zizo hizo. Familia yake ilisema alipigwa na polisi akitoka kumpeleka mjamzito hospitali. Baada ya hapo, hata kwa pesa mara tatu hukumpata wa kukubeba usiku.

Mwaka huu chama kilinipa nauli niende Nairobi nikasikie mitaa ya huko ilipitaje kipindi kile. Tunataka kujua kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na wajawazito watakuwapo. Niliandika kila jioni, na haya nimeyapanga upya nikiwa nyumbani, daftari mkononi na picha za simu mbele yangu. Watu niliozungumza nao sikuwataja majina. Ndivyo tulivyokubaliana nao.

Jumapili: Likoni hadi Majengo

Nilivuka feri saa tano asubuhi. Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hiyo gharama ya kwanza ilikuwa matatu ya kwenda stesheni ya Miritini, shilingi mia. Tiketi ya treni ya saa tisa nilikuwa nimeikata kwa simu mapema, kwa *639#, na kulipa kwa M-Pesa: shilingi 1,500 daraja la kawaida.

Kwa atakayenifuata: fika saa moja kabla, au zaidi. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, watu husimama kando, mbwa wakapita wakinusa, kisha unapitia mashine. Mama mmoja mbele yangu alikuwa amemfungia binti yake kisu cha jikoni ndani ya sufuria. Kilibaki pale pale.

Jirani yangu kitini alikuwa mwalimu wa sekondari wa huku Pwani. Nilipomweleza ninakokwenda alinyamaza hadi tulipopita Mariakani, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe. Kabla ya korona, gari la damu lilikuwa likija shuleni kwake karibu kila muhula. Vijana waliotimiza miaka 16 walijipanga, wakatoa damu, wakapewa soda na biskuti. Nchini kwetu wanafunzi wa sekondari ndio waliokuwa tegemeo kubwa la benki ya damu. Basi Machi 2020 shule zikafungwa, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2021. Ufadhili wa Marekani kwa huduma ya damu ulikuwa umekoma Septemba 2019, miezi michache tu kabla.

"Sasa niambie, dada yangu," akasema, "mama aliyejifungua akivuja damu wakati ule, aliongezewa damu ya nani?"

Kuvuja damu ndiko kunakoongoza kuua akina mama wazaao Kenya. Mama anayevuja sana anaweza kukata roho ndani ya saa mbili. Nimeyasikia hayo kwenye semina nyingi, lakini sijawahi kumsikia mtu akiunganisha kengele ya shule iliyonyamaza na wodi ya wazazi. Mwalimu aliniambia hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikula mahamri yangu na ndizi zake, tembo wawili wakaonekana upande wa Tsavo, watoto wakajaa madirishani.

Syokimau tulifika usiku, baridi ya Julai ikiuma. Pale stesheni hupandi teksi kama huna haraka. Kuna treni ndogo inayosubiri kuwapeleka abiria hadi stesheni ya mjini kwa bei nafuu, na humo hakuna foleni ya Mombasa Road. Kutoka mjini teksi ya kwenda Majengo, Pumwani, ilikuwa shilingi mia nne. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa macho, ameweka chai ya tangawizi kwenye chupa.

Jumatatu: Majengo na Pumwani

Majengo ni katika mitaa ya zamani kabisa ya Waafrika Nairobi, na mtu wa Pwani akitembea humo hajioni mgeni. Kanga zinaanikwa, adhana inasikika kutoka Riyadha, wazee wanacheza bao. Na pale pale, mwendo wa dakika chache, iko Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka 1926 na ambayo mpaka leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za wazazi katika eneo hili la Afrika. Nusu ya watu niliokutana nao wiki hiyo walinitajia kwamba walizaliwa humo.

Nilitaraji kwamba watu wa Majengo hawakupata shida, kwa ukaribu huo. Shangazi alicheka kidogo kwa uchungu akanipeleka kwa bibi mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwake. Bibi huyu alizalisha wanawake kwa miaka mingi, kisha serikali iliposema wazazi wote waende hospitali, naye akaacha. Kazi yake ikawa kuwasindikiza hadi getini. Korona ikamrudisha kwenye kazi aliyokwisha kuiacha.

"Mwanangu, geti nalijua kama mlango wangu," aliniambia. "Lakini saa mbili usiku, barabarani kuna askari na rungu. Nani atatoka? Walikuja kwangu wakibisha dirisha, siyo mlango, ili jirani asisikie."

Nilimuuliza alikuwa akijuaje damu imezidi. Alinyanyuka, akafungua sanduku, akatoa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Akaitandika kwenye mkeka, akaipapasa kwa kiganja. Hii, akasema, huwekwa chini ya mama mtoto akishatoka. Ikilowa upande wa juu pekee, hakuna neno. Ikipenya hadi kunjo la mwisho, aite mtu. Ya pili ikianza kulowa, amechelewa. Kunjo la mwisho lilikuwa na doa la rangi ya chai ambalo sabuni haikuliondoa.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nawasifu wakunga wa jadi kama badala ya hospitali. Bibi mwenyewe hakubali. Kanga haina dawa ya kusinyaza mji wa mimba. Lakini nililikumbuka jaribio lile la E-MOTIVE lililochapishwa mwaka 2023, lililofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: walimtandikia kila mzazi karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikionekana imezidi wakampa matibabu yote kwa pamoja bila kungojea, na visa vya uvujaji mkubwa vikapungua kwa asilimia 60. Kuona damu mapema, basi. Bibi alikuwa akiona mapema. Alichokosa ni njia ya kutoka pale hadi kwenye dawa.

Usiku mmoja wa Aprili 2020 kanga ya pili ililowa. Bibi akatoka mwenyewe, miaka sabini na kitu, barakoa ya kitambaa usoni, akasimama katikati ya barabara mbele ya gari la polisi. Dereva alishuka akifoka. Askari kijana aliyekuwa nyuma akauliza, "Shosh, kuna nini?" Alipoambiwa, aliingia ndani akambeba yule mama mikononi, damu ikimchuruzikia kwenye magwanda, wakampeleka. Mama alipona. Bibi hajui jina la askari yule, lakini humuombea dua.

Kwa mgeni: Pumwani na Gikomba tembea mchana, simu iwe ndani ya nguo. Chapati na madondo vibandani ni shilingi themanini hadi mia, na unashiba.

Jumanne: Mathare

Siku hii ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko zote, na nitairefusha.

Nilikutana na dada mhudumu wa afya ya jamii kwenye Juja Road saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Aliitazama miguu yangu, akaingia kibandani kwa rafiki yake akanitolea gambuti. Nilitaka kulipa, akakataa. "Wee dada, hapa viatu ni vya kila mtu."

Mathare imelala kwenye bonde. Juu iko barabara, chini uko mto, na katikati nyumba za mabati zimebanana kiasi kwamba mahali pengine unapita ubavu. Tuliteremka hadi karibu na maji, ambako nyumba nyingi zilisombwa na mafuriko ya 2024 na nyingine zikabomolewa baadaye. Kisha akaniambia tugeuke na tupande kwa mwendo wa mjamzito mwenye uchungu. Yaani hatua, kusimama, kushika ukuta, hatua. Kuna ngazi za mawe zilizovunjika, kuna ubao juu ya mtaro, kuna mahali mfereji wa choo unakatiza njia na lazima uruke. Tulifika barabarani nikitweta, na ilikuwa mchana, na sina mimba. Kutoka hapo hadi Pumwani ni kilomita tatu hivi. Kwenye ramani si kitu.

Alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye viti vya mama muuza chai. Mei 2020, msichana wa miaka ishirini na mmoja, mimba ya pili. Uchungu ulianza saa moja unusu usiku, nusu saa baada ya kafyu. Mumewe alipiga simu kwa vijana wa boda watatu. Wa kwanza hakushika, wa pili alikataa, wa tatu alisema waziwazi kwamba anaogopa kufa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwisho wa Machi mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, jirani tu hapo, na shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau watu sita waliokufa kwa mikono ya polisi katika siku kumi za kwanza za kafyu nchini.

Kwenye karatasi, dharura ya hospitali ilikuwa na ruhusa. Huko Mathare hakuna aliyekuwa na karatasi hiyo.

Vijana wawili wanaochota maji kwa mkokoteni walimwaga mitungi, wakatandika godoro, wakampandisha kwa kumbeba hadi juu kisha wakamsukuma barabarani. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya mkokoteni, na dada huyu ndiye aliyempokea, amevaa koti lake la uhudumu ili polisi wamtambue. Kizuizi kikawasimamisha. Walihojiwa kwa muda ambao dada hakuupima, ila anakumbuka kwamba kitovu kilikuwa bado hakijakatwa. Walipoachiwa, zahanati ya kwanza ilikuwa imefungwa. Hospitali waliyofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na wauguzi wachache na haikuwa na damu ya kundi lake. Alifariki kabla ya alfajiri. Mtoto yuko hai, yuko chekechea, PP2, analelewa na nyanya yake upande wa mama.

Dada alinionyesha daftari lake la mwaka ule. Amepiga mistari kwa rula, kila mjamzito ana safu yake: kijiji, mwezi wa kujifungua, kliniki alizohudhuria, namba ya jirani mwenye simu. Kwenye safu ya msichana yule, pale pa "matokeo", ameandika "mtoto wa kiume, kilo sikupima". Ya mama ameiacha wazi.

Nilimuuliza kuhusu namba 1196. Wasomaji wa Nairobi wataikumbuka. Daktari Jemimah Kariuki, akiwa bado anasomea ubingwa wa uzazi, aliona wodi inapungua wajawazito usiku na waliofika wamechelewa. Akatoa namba yake mtandaoni ili wenye uchungu wapate usafiri. Simu zilimlemea, na mwezi Aprili 2020 ikawa huduma rasmi, Wheels for Life, namba ya bure ya 1196. Mama alipiga, daktari akamsikiliza, akatumiwa teksi au ambulensi iliyoruhusiwa kupita. Dada wa Mathare aliisikia namba hiyo redioni wiki chache baada ya msiba ule. Tangu hapo aliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila jalada la daftari, na akaanza kuiandika kwenye milango ya wajawazito kwa chaki.

Nilipompa nauli ya siku alipokea mia mbili akarudisha zilizobaki. Atakayekwenda: mhudumu akikutembeza, mlipe muda wake, ana kazi nyingine. Na usipige picha za ndani ya nyumba za watu bila kuomba.

Jumatano

Mvua, foleni, na mikutano miwili iliyoahirishwa. Sina la kusimulia la mchana.

Jioni binti wa shangazi, anayesomea uuguzi, alirudi kutoka chuoni akanikuta nimeinamia daftari. Nilimuuliza alichofundishwa darasani kuhusu vifo hivi. Akasema mwalimu wao hufundisha juu ya kuchelewa: mama huchelewa kuamua kwenda, huchelewa njiani, na huchelewa akishafika. Akanisomea pia hesabu za kutoka kwenye sensa ya 2019, akina mama 355 kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa. Hiyo ilikuwa kabla ya korona.

"Na Nairobi yetu, 2020?" nikamuuliza.

Alinipa mfano wa mbali kwanza. Sierra Leone, wakati wa Ebola, watu walikimbia hospitali. Watafiti walikadiria kwamba kwa sababu hiyo pekee, mwaka 2014 hadi 2015, kulikuwa na vifo vya ziada visivyopungua 3,600 vya akina mama, watoto wachanga na watoto waliozaliwa wafu, idadi inayokaribiana na watu waliouawa na Ebola yenyewe nchini humo. Kuhusu korona, alisoma uchambuzi wa tafiti 40 uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health. Uwezekano wa mama kufa ulipanda kwa zaidi ya theluthi, na hesabu hiyo iliegemea tafiti mbili za nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Nchi tajiri zenyewe hazikusalimika zote. Marekani ilitoka vifo 20.1 kwa kila 100,000 mwaka 2019 hadi 32.9 mwaka 2021, na kwa wanawake weusi ilifika 69.9. Huko virusi vyenyewe viliua wajawazito wengi, maana mjamzito akishikwa na korona kali huzidiwa kuliko mwanamke asiye na mimba.

Lakini katika simulizi zote nilizozisikia mimi Pumwani na Mathare, hakuna mama aliyeuawa na kirusi. Nilimwambia hivyo. Binti akafikiri, akasema labda ndiyo maana hakuna aliyetangaza idadi yao saa tisa alasiri kwenye televisheni.

Alhamisi: Kibera

Matatu ya Kibera nilipandia mjini, shilingi hamsini kwa kuwa saa ya msongamano ilikuwa imepita. Asubuhi mapema au jioni hesabu themanini hadi mia. Wakati wa korona ile ya abiria kumi na wanne iliruhusiwa kubeba wanane tu, na nauli ikapanda ipasavyo. Mama wa Kibera aliyekuwa akienda kliniki kwa matatu ghafla alikuwa anachagua kati ya kupimwa presha na unga.

Niliteremka Makina, ambako mwenyeji wangu anauza samaki wa kukaanga. Tulikula omena na ugali mbele ya meza yake, na kati ya mteja na mteja akanieleza yaliyompata yeye mwenyewe.

Mimba yake ilikuwa ya miezi sita shule zilipofungwa. Kazi ya kufua nguo mitaa ya juu ilikatika siku ile ile, matajiri hawakutaka mtu wa kutoka Kibera alete ugonjwa. Kliniki aliacha. Hakuacha kwa nauli pekee. Hospitali ya Mbagathi, ambayo kwa mtu wa Kibera ni ya kutembea kwa miguu, ndiko kulikokuwa na kitengo cha kuwatenga wagonjwa wa korona, na mtaani ilivuma kwamba ukiingia na homa hutoki. Karantini nayo watu waliijua: unachukuliwa kwa lazima, unakaa wiki mbili au zaidi, na mwanzoni ulitakiwa ulipe mwenyewe. "Nina watoto wawili nyumbani," alisema. "Wakinifungia, watakula nini?"

Miguu ilivimba. Aliona vimulimuli machoni. Jirani alimwambia ni joto la mimba. Presha haikupimwa hata mara moja kwa karibu miezi mitatu. Siku ya tukio alikuwa akipika, akaanguka, akaanza kutupa mikono. Hicho ni kifafa cha mimba, na kina dawa ya zamani na ya bei rahisi, magnesiamu salfeti, mradi mama afikishwe. Bahati yake ilikuwa mchana. Jirani fundi viatu alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, dereva akaondoa mzigo wake kwenye kiti cha nyuma bila neno. Alizinduka siku ya tatu. Mtoto hakuwa hai.

Alinyanyua samaki kutoka mafutani, akamchuja, akampa mteja chenji. Kisha akasema, "Mtu wa kuja tu mlangoni na ile mashine ya presha. Hilo tu."

Nimelipigia mstari chini mara mbili. Mashine ya presha ya betri hubebeka kwenye mkoba. Hawa wahudumu wa jamii ambao Septemba 2023 serikali iliwatawanya 100,000 nchi nzima na mikoba yao, laiti wangalikuwa nayo 2020.

Ijumaa: Eastleigh, kwa muuguzi

Swala ya Ijumaa ilifunga mitaa, kwa hiyo nilisubiri hadi alasiri. Eastleigh ilifungwa kabisa Mei 6, 2020, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzo wa Juni, na huku Nairobi nzima ilikuwa tayari imezungushiwa mpaka tangu Aprili 6 hadi Julai. Jambo hilo la pili tuliokuwa Pwani hatukulifikiria. Wanawake wengi wa Nairobi huenda kujifungulia kwao, kwa mama zao, Kisii, Siaya, Machakos. Mwaka ule walinaswa mjini peke yao, bila mtu wa kuwaambia kwamba damu hii imezidi.

Muuguzi aliyenikaribisha alikuwa wodi ya wazazi katika hospitali ya umma wakati huo. Kahawa yake ilikuwa na iliki nyingi, na mikono yake haikutulia alipokuwa akisema. Barakoa moja kwa siku mbili. Glavu za kuhesabiwa. Wenzake wawili wakiugua, zamu ya watu sita ikawa ya watu wanne. Wenye kusindikiza wakakatazwa kuingia, kwa hiyo mama alizaa bila shangazi wala dada wa kumshika mkono na, muhimu zaidi, wa kukimbia kumwita muuguzi. Desemba 2020 wauguzi wakagoma, madaktari wakafuata. Walidai vifaa vya kujikinga na bima, baada ya kuwazika wenzao. Siwezi kumlaumu aliyegoma. Wala siwezi kuwasahau akina mama waliofika getini wiki zile.

Aliniambia kuhusu ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi nchini. Ilipitia vifo 484 vya mwaka 2014, na katika tisa kati ya kumi huduma ilikuwa chini ya kiwango. "Korona haikubomoa nyumba nzima," alisema. "Ilikuta ukuta umeshapasuka, ikausukuma."

Nilimuuliza tofauti ya mitaa. Akasema kwamba usiku wa kafyu, kutoka mitaa ya matajiri, Kileleshwa au Lavington, mama alifika ndani ya gari lao, na daktari wake alikuwa ameshapigiwa simu. Kutoka Mathare alifika juu ya mgongo wa mtu, au hakufika. Jiji moja, kafyu moja.

Jumamosi: kurudi

Treni ya mchana, kiti cha dirishani, usingizi hadi Voi.

Gharama zote, kwa mwenye kupanga safari kama hii: treni kwenda na kurudi 3,000, usafiri wa ndani ya Nairobi karibu 2,000, chakula kidogo kwa sababu ya shangazi, na shukrani kwa wenyeji, ambayo kila mtu ataipima mwenyewe. Beba koti zito Julai. Kwa wajawazito wanaosafiri kwenda Nairobi: Linda Mama, ile huduma ya kujifungua bure kupitia bima ya zamani ya NHIF, haipo tena tangu Oktoba 2024, jisajilini SHA, bima iliyochukua nafasi yake, kabla ya kuondoka na mchukue kijitabu cha kliniki.

Tulichoamua Likoni

Nimeshawasomea wenzangu haya yote. Kikao kilikuwa kirefu na wengine walilia, hasa kwa yule wa mkokoteni, lakini hatukuondoka mikono mitupu.

Kisanduku kitanunua mashine mbili za presha. Wawili wetu watafunzwa kuzitumia na muuguzi wa zahanati, aliyekwisha kukubali. Kila mjamzito ataandikwa kwenye daftari la mistari, na safu ya matokeo itakuwa na nafasi ya mama na nafasi ya mtoto, na hatutaiacha wazi hata ikiwa ni msiba. Mwalimu wa kwenye treni alinipa namba yake, na tunapanga naye siku ya kuchangia damu ya watu wazima wa mtaa, isiyotegemea shule kuwa wazi.

La nne ni barua kwa kamishna wa kaunti na kwa wakuu wa vituo vya polisi vya Likoni. Tumeomba ikubaliwe sasa, wakati hakuna ugonjwa na hakuna mwenye haraka, kwamba amri yoyote ya kutotoka usiku itakayokuja imtaje waziwazi mwenye uchungu, mkunga wake na dereva wake, waende na warudi bila kuonyesha karatasi. Neno "warudi" tumeliandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yule wa Kwale. Barua ilipelekwa Jumatatu, mhuri wa kupokelewa tunao.

Kama uko Nairobi, Kisumu au popote na mtaa wenu uliandika majina na tarehe za akina mama wa 2020 na 2021, hata kwenye karatasi ya shule, zitunzeni pakavu na mtuandikie. Tunataka kuziweka pamoja na zetu kabla waliozishuhudia hawajahama.